Tunaenda Bluff kwa Tantine

Mama yangu aliiogopa Durban ninakokaa, na mimi niliiogopa njia ya kwenda kwake. Ndiyo maana sisi, watu wa Bukavu kule Kongo, mji wenye mvua na ziwa, tukajikuta tunapanga kukutana Dubai, jangwani, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupaota.

Yeye alikuwa ameona kwenye simu video za wageni wakifukuzwa barabarani na maduka yao yakivunjwa, akaapa kwamba Afrika Kusini hataikanyaga hata akibebwa. Nilimweleza kwamba tunapokaa ni shwari, kwamba saluni yangu iko katikati ya mji na jirani zangu ni watu wazuri. Sikumwambia kwamba siku maandamano yanapopita, sisi nasi tunashusha mlango wa bati na kukaa kimya ndani mpaka kelele ziishe. Upande wangu, kila nilipofikiri kuwapeleka watoto watatu Bukavu, na vita vile, na njia zile, nilighairi. Kaka yangu ni mfanyabiashara, hukaa Lubumbashi na huenda Dubai kuchukua mali. Yeye ndiye aliyekata shauri. Alisema mwezi wa saba atamchukua mama waende pamoja, na sisi tupande kutoka Durban.

"Kule hakuna mutu atawaogopesha," aliniambia kwenye simu. "Iko joto tu."

Mama hakuwa na haja ya kuona maghorofa. Alitaka kumwona mume wake. Mtoto wangu wa pili, wa miaka mitano, nilimpa jina la marehemu baba yangu, jina zima kama alivyolibeba mwenyewe, na kwetu mjane hamwiti mjukuu wa namna hiyo kwa jina lake hivi hivi. Humwita mume wangu. Kila Jumapili tukitoka kanisani mama alipiga simu ya video: mume wangu umekula, mume wangu umeniwekea nini. Mtoto alijibu bila mzaha, akaeleza wali na maharage kama mtu anayetoa hesabu nyumbani kwake. Lakini siku za karibuni mama alikuwa akilalamika juu ya macho. Ukungu kidogo, alisema, si kitu, ila afadhali amwone mtoto mapema. Nilimjua mama yangu. Akisema kidogo, ujue si kidogo. Basi nikawa na mzigo mmoja tu mabegani: kumfikishia mume wake angali anaona.

Desemba ingefaa zaidi, kwa kuwa jangwa linapoa. Lakini Desemba ni mwezi wa nywele. Mwanamke wa saluni anayefunga mlango Desemba, Januari atakula upepo. Ikabaki Julai, vakansi, likizo ya shule, wakati Durban tunavaa sweta na Dubai, kwa nilivyosoma, watu hawatembei nje mchana. Nilisoma sana, na kila nilichosoma kilinitia hofu. Kitinda mimba wangu, msichana wa miaka miwili, hutokwa na damu puani kila upepo wa moto unaposhuka kutoka milimani na kuukausha mji wetu. Hapa huo upepo ni wa siku moja, halafu bahari inaturudishia unyevu. Kule je? Nilimwona akilini akitoka damu juu ya mchanga, mimi nikitafuta kitambaa, na hao wengine wawili wakipotelea ndani ya maduka makubwa yasiyo na mwisho.

Mume wangu hutengeneza simu kwenye kibanda kilicho ubavuni mwa saluni. Yeye alipanga furaha, mimi nilipanga hatari. Alichagua hoteli kwa sababu ya bwawa la watoto lenye bomba la kutelezea. Mimi niliuliza kina cha maji. Aliwaonyesha ngamia, mimi nilitafuta kama ngamia huuma. Aligundua kwamba kuna jengo ambalo ndani yake wametengeneza theluji, nje jua la kuchemsha, ndani watoto wanateleza na makoti, na yeye na watoto wote watatu wakapiga makofi. Mimi nikamuuliza mtoto anayetoka kwenye theluji na kuingia kwenye tanuri, kifua chake kitasemaje.

"Weye unasafiri na malaika wa mauti kwenye valizi," akasema, akilielekezea kidole sanduku langu la safari, na watoto wakacheka. Nilikasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Kwa jambo moja tu sote tulikubaliana, nalo lilikuwa agizo la mama.

"Safari haisemwake mbele," alinionya. "Musimwambie mutu. Hata pasta."

Wengine huita kijicho, wengine huita uchawi, na mume wangu anayejiita mtu wa sayansi haiti kitu, lakini naye hasemi. Simfahamu Mkongomani hata mmoja anayetangaza safari kabla hajafika. Utamwona tu kwenye simu siku moja, picha yake amesimama mbele ya jengo la watu, ndipo ujue kumbe aliondoka. Kila mmoja wetu ana mfano wake: yule dada aliyeaga kanisa zima, akaimbiwa, na wiki ile ile akavunjika mguu kwenye ngazi za nyumbani kwake. Mimi hucheka imani hizo nikiwa na nafasi ya kucheka. Safari hii sikuwa nayo.

Tatizo ni watoto. Mtoto ni redio isiyo na kitufe cha kuzima. Kwa hiyo tuliwafundisha. Binamu wa mume wangu anakaa Bluff, ng'ambo ya bandari, na watoto wanamwita tantine, yaani shangazi. Jioni wakati wa kula niliuliza, na wao wakajibu.

"Munaenda wapi vakansi?"

"Bluff, kwa tantine."

Binti yangu mkubwa, wa miaka minane, alijifunza mara moja. Yeye hupenda siri. Huyu wa jina la baba yangu alishindwa.

"Lakini tunaenda Dubai," alisema. "Bluff ni uongo. Yesu anasikia."

Nilimwambia si uongo, ni kulinda. Nikamwambia kuna maneno ya nyumbani na maneno ya inje, na ya nyumbani hayatoki mlangoni. Alifikiri, akauliza kama Yesu anayajua hayo. Nikamwambia anajua. Tangu siku hiyo akawa hodari kuliko wote. Mwenzangu pale saluni, dada wa Burundi mwenye macho makali, aliniona nikinunua kofia tatu za jua katikati ya baridi. Alimpa mtoto peremende akamuuliza mama anakupeleka wapi. "Bluff, kwa tantine," akajibu, akala peremende, akasimama kimya. Nilijivunia sana.

Kanisani niliomba maombi kwa ajili ya "jambo fulani". Watu waliweka mikono juu ya mabega yangu wakaliombea hilo jambo bila kulijua. Nyumbani nilishona namba ya simu ya mume wangu ndani ya kola ya kila nguo ya mtoto. Nilifunga pamba za pua ya mdogo kwenye mfuko wa kwanza, na nyingine kwenye mfuko wa pili endapo wa kwanza utapotea. Nilifikiri juu ya joto, juu ya maji, juu ya wezi wa watoto. Nilidhani nimefikiria kila kitu kinachoweza kutupata.

Uwanja wa ndege ulikuwa na baridi safi asubuhi ile. Kwenye dirisha la pasipoti alikaa mama mmoja wa makamo, miwani ameipandisha juu ya nywele. Alizipokea pasipoti zetu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, akavisoma polepole, akavipanga upya, akasoma tena. Tulikuwa watu watano na majina matano. Mume wangu ana jina lake, mimi langu. Mkubwa ana la mama mkwe wangu, wa pili la baba yangu, mdogo la shangazi wa mume wangu. Kwetu jina ni la mtu unayemrudisha nyumbani, si uzi wa kufungia familia. Katika nchi hii mtoto hubeba jina la ukoo wa baba yake.

"Hawa watoto ni wa nani?" aliuliza kwa Kiingereza.

Nilimweleza. Vyeti vilikuwa na majina yetu sisi wazazi, lakini nilieleza haraka mno, na mume wangu akaongezea mzaha, na mzaha ukaanguka. Yule mama hakuwa mkali. Watoto huibwa, na kazi yake ni kuuliza. Aliinama juu ya meza akamtazama mwanangu.

"Unakwenda wapi, baba?"

Mtoto akasimama wima. "Bluff, kwa tantine."

Yule mama akatazama tiketi zetu za Dubai. Akatutazama sisi. Akashusha miwani.

Alituomba tusogee pembeni, akamwita mwenzake, mwanamume mrefu. Mimi nilianza kusema, naye akainua kiganja kwa upole: tafadhali, mama, acha mtoto aseme. Walimsogeza hatua chache kutoka kwangu. Yule mama akachuchumaa mbele yake, akaninyooshea kidole.

"Huyu ni nani?"

 Mwanangu aligeuka akanitazama. Sikuelewa mara moja, halafu nikaelewa. Alikuwa ananiuliza jibu. Alikuwa hajui kama mimi kuwa mama yake ni neno la nyumbani au la inje.

Nimekimbia vita kule kwetu na mafuriko ya matope hapa Durban, nimelala nyuma ya mlango wa bati watu wakipiga kelele nje, na sijawahi kuogopa namna ile. Niliona wakimchukua. Niliona mama yangu amekaa Dubai na mikono mitupu, akingoja sauti ya mume wake. Na Durban nzima hakuna mtu ambaye ningeweza kumpigia anisaidie, kwa sababu hakuna mtu aliyejua kwamba tuko pale. Kila mtu niliyemfahamu Durban angeulizwa, angeapa kwamba tumeenda Bluff.

"Sema kweli," nilimwambia kwa Kiswahili.

"Ya nyumbani?"

"Ya nyumbani, papa," nikamjibu, kama nilivyomwita baba yangu.

Akavuta pumzi. "Ni mama," alimwambia yule mama kwa Kiingereza chake cha shule. "Na yule ni papa. Tunaenda Dubai. Ninaenda kuona mke wangu."

Maofisa wawili wakatazamana. Mume wangu akafumba macho. Ndipo binti yangu mkubwa, aliyekuwa ameshika mkono wa mdogo wake muda wote, akasogea mbele na kuanza kueleza kwa Kizulu cha uwanja wa shule. Sikushika yote. Nilisikia gogo, yaani bibi, nikasikia mkhulu, yaani babu, nikamwona akimwonyesha mdogo wake wa kiume na kujigonga kifua kuonyesha kwamba jina la babu limekaa kwake. Yule mwanamume mrefu alianza kucheka kabla hajamaliza. Yule mama hakucheka. Alirudi dirishani, akasoma tena kila cheti, jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, kidole chake kikipita chini ya kila neno, kisha akagonga mihuri.

"Hamba kahle, baba," alimwambia mwanangu, yaani nenda salama. "Msalimie mkeo."

Katika ndege mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilihesabu tena pasipoti zote tano. Mtoto alikuwa dirishani, na bahari ilipopotea chini ya mawingu alinigeukia.

"Mama, kule tunasema ya nyumbani ao ya inje?"

Nilijifanya natafuta mkanda wake wa kiti.

Tulipotoka mlangoni kule, joto lilitupiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Nilimshika mdogo pua kabla ya kitu chochote. Ilikuwa kavu. Kaka yangu alikuwa anapunga mkono, na pembeni yake mama yangu amekaa kwenye kiti, amevaa kitenge cha sikukuu, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilikimbia, nikapiga magoti, nikamshika. Alinishika mabega, kisha uso, kisha tena mabega, kama anayechagua kitambaa sokoni. Nikainua macho kumtazama kaka yangu, naye akatazama chini.

Ukungu wa mama haukuwa kidogo. Uso wake ulielekea pembeni yangu, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Naye alikuwa ameficha ya nyumbani, asije akaiharibu safari.

"Iko wapi mume wangu?" akauliza.

Nilimsukuma mtoto mbele. Mikono ya mama ikampata, ikapanda kwenye masikio, ikapita juu ya nyusi na pua, polepole.

"Mume wangu, unanijua? Miye ni nani?"

 Mikono ya mama ingali usoni pake, mtoto aligeuza macho kunitafuta, aone kwanza nimeruhusu jibu gani.

Niligeuka nikawapa mgongo wote wawili, ajibu bila kunitazama. Nilitazama milango ya vioo ikifunguka na kujifunga, na watu wakitoka kuingia katika lile jua. Mtoto alijibu kwa sauti ndogo. Neno lenyewe sikulisikia, nilimsikia mama akilia.