Shingo ya Besi ya Baba

Baba yangu alipiga gitaa la besi miaka yote aliyoendesha lori. Alipostaafu akarudi nyumbani karibu na Misikhu na kuwa mpigaji wa kwaya ya kanisa letu. Ile besi yake nyeusi ilikuwa imechubuka rangi pale mkono wake ulipozoea kuegemea, na akimaliza kuipiga aliiangika ukutani sebuleni, juu kabisa, karibu na mabati.

Kiangazi hiki nilishuka kutoka Kitale kuwasalimia, nikamkuta ameketi nje, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Nikadhani amejikata akifyeka.

"Si panga," mama akanijibu kabla yake. "Muulize mke mwenzangu." Akanyoosha kidole ndani, kwenye ile besi ukutani.

Baba ana kisukari, na kliniki walikwisha kumwonya kuhusu vidonda. Niliingia nikaishusha besi, nikapitisha kiganja ubavuni mwa shingo, nikautoa mkono upesi kama niliyegusa ukingo wa bati. Vile vyuma vyembamba vilivyokingama shingo, ambavyo wapigaji huviita freti, vilikuwa vimetokeza ncha pande zote mbili. Ubao ulikuwa umekauka kwa joto la mabati, ukanywea. Chuma hakinywei. Kila baba alipotelezesha mkono kutafuta sauti nyingine, ncha zile zilimchana.

"Nimeacha," alisema nilipotoka nje. "Kwaya itafute mtu mwingine."

Alisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayetangaza kwamba mvua haijanyesha. Ingekuwa afadhali kama angefoka.

Mimi ni fundi wa vyuma. Natengeneza mageti na madirisha, na watu wa Kitale wakiniona na miwani ya kuchomelea hawashangai tena. Nikamwambia baba naenda na besi yake.

"Wewe? Hii si geti, bana. Ukikata ukapitiliza hapo, utachomelea na nini?"

"Ni chuma na ubao, baba. Vyote navijua."

Mama ndiye aliyeifunga kwa shuka na kunikabidhi.

Kazini niliitazama asubuhi nzima kabla ya kuigusa. Tupa zangu zote zilikuwa za mageti, na kuzitumia pale ingekuwa sawa na kunyoa nyusi kwa panga. Nikaenda kwa mzee mmoja wa Kisikh mwenye duka la vifaa mjini, nikamweleza. Akaingia stoo, akarudi akipuliza vumbi kwenye tupa mbili: moja bapa yenye meno laini, nyingine nyembamba kama penseli.

"Hizi watu hawaulizii siku hizi," alisema. "Gitaa ni yako?"

"Ni ya baba."

"Basi enda polepole."

Niliondoa nyuzi, nikabandika tepu ya karatasi juu ya ubao ili chuma peke yake kibaki wazi. Nikailaza tupa bapa ubavuni mwa shingo, nikaisukuma kwa urefu, pole sana, mpaka ncha zikawa sawa na ubao. Kisha nikaiinamisha mshazari kidogo ili makali ya juu nayo yalale. Geti unalisikia likikubali tupa kwa kelele. Freti zilikuwa zinanong'ona tu, na ilinibidi niwaombe jirani zangu wazime mashine kidogo nizisikie. Walinicheka, lakini walizima.

Karibu na mwisho wa shingo, freti moja ikainuka upande mmoja, ikaniachia upenyo kati yake na ubao. Na simu ikalia saa hiyohiyo. Baba.

"Besi bado iko na shingo?"

"Iko, baba."

"Mbona unahema?"

Nilimwambia ni vumbi. Kisha nikatia tone la gundi chini ya ile freti, nikaweka kipande cha mbao juu yake, nikakibana kwa klampu na kwenda kunywa chai ambayo sikuimaliza. Niliporudi na kufungua, freti ilikuwa imelala imetulia. Nilicheka peke yangu.

Zilibaki pembe ndogo za kila ncha. Hizo nilizizungusha moja moja kwa ile tupa nyembamba, nikamalizia kwa msasa laini. Kisha nikachukua soksi yangu ya nailoni nikaiburuta shingoni juu na chini. Ilinasa mara ya kwanza. Nikatafuta iliponasa, nikasugua tena. Ilipoteleza pande zote mbili bila kunasa popote, nilijua nimemaliza. Nikaupaka ubao mafuta, nikarudisha nyuzi.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi, nikaipeleka Misikhu. Mkono wa baba ulikuwa umepona. Hakuipiga mara moja. Alifumba macho, akapitisha kiganja shingoni kutoka juu hadi chini, akarudia upande wa pili, polepole kabisa, akitafuta kosa. Nami nilisimama mbele yake kama mtahiniwa.

"Mama yao!" akaita. "Kuja ushike hapa."

Mama akaja akipangusa mikono kwenye leso, akapitisha kidole. "Laini," akasema. "Ni kama ya mtu amejipaka mafuta."

"Ni msichana yangu amefanya hii," baba akamwambia, ati kana kwamba mama hamjui huyo msichana.

Akaipiga palepale kwenye veranda, nyimbo za densi za ujana wake, mkono ukipanda na kushuka bila kusita. Mama alisahau sufuria jikoni mpaka tukanusa harufu ya kuungua.

Kesho yake kanisani mchungaji alihubiri vizuri, naamini, kwa sababu watu waliitikia. Mimi nilikuwa nautazama mkono wa baba uliotulia juu ya ile shingo ukingoja wimbo. Kwaya iliposimama naye akaanza, mama mmoja kwenye benchi letu alininong'oneza kwamba leo besi inasikika vizuri sana. Nikamwambia ndiyo, nimeitengeneza mimi.