Batri Niliyofungua Mwenyewe

Wakati wa vita, hapa Uvira, jipu likiingia garaji kitu cha kwanza kilikuwa kufungua batri, hata kabla ya kumsalimia aliyelileta. Ukiiacha imefungwa, askari wa kundi lingine anapita, anapanda, anawasha, ameenda, na weye fundi ndiye unachapwa. Mkono wangu ulikuwa umezoea hivyo, mkono mjinga huu.

Siku hiyo shemeji yangu, mume wa dada yangu, alileta jipu la komanda aliyekuwa akimwendesha. Uso ulikuwa umemvimba kwa vipigo.

"Jipu inakunywa esanse sana," aliniambia. "Komanda anasema ni minye dereva wake naiuzisha. Lakini taa ya moteri inawaka. Akikuja umuonyeshe ugonjwa, shemeji, la sivyo nimekwisha."

Niliujua ugonjwa kabla hajamaliza. Ilikuwa kapta ya oksijeni, kile kichuma kinachokaa kwenye bomba la moshi na kuipimia moteri hewa. Kikifa, moteri inamwagiwa esanse, yaani petroli, ovyo. Kuthibitisha ni rahisi: unaunganisha matundu mawili ya plagi ya kupimia kwa kipande cha waya, ile taa inamulika na kuzimika, unahesabu. Mbili, kisha moja, ni kapta. "Tulia," nikamwambia, "taa yenyewe itakutetea." Wakati nasema hivyo, spana yangu ilikuwa imeshafungua batri.

Komanda alifika na askari wawili. Nikarudisha batri, nikaweka waya, nikamwita ajihesabie mwenyewe. Taa ikamulika, ikamulika, ikamulika, bila kupumzika. Maana yake moteri haina ugonjwa. Mungu wangu! Ukifungua batri, kila kosa ambalo moteri ilikuwa imeweka kwenye kumbukumbu linafutika, nami nililijua hilo kuliko mtu yeyote pale.

"Komanda, ni minye nimefuta! Tuiendeshe kidogo tu, mpaka Runingu, taa itarudi." Nikamwonyesha masizi mazito ya esanse iliyozidi kwenye bomba.

Alicheka. "Bomba zote ziko nyeusi. Na huyu iko shemeji yako, sivyo?"

Shemeji hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Askari wakampitisha nyuma ya ukuta wa garaji. Risasi ilikuwa moja, na mimi nilikuwa bado nimeshika ule waya.

Kesho yake niliamriwa kumpelekea komanda jipu lake Bwegera, kwa sababu halikuwa na dereva tena. Kabla ya kufika Runingu taa ikawaka. Nikasimama pale pale barabarani, nikaweka waya. Mbili, moja. Mbili, moja. Nililia kwa hasira, nikalipiga lile jipu ngumi mpaka mkono ukatoka damu.

Bwegera sikugusa batri. Niliweka waya, nikamwomba komanda apande, ahesabu kwa sauti. Alihesabu mara tatu, polepole, huku akitafuna karanga.

"Kumbe," akasema. Akanirudishia ufunguo. "Basi, tengeneza."

Nikatengeneza.