Anayeshuka Getini

Kila asubuhi muuza mboga huyu hupakia kabichi za Mgeta kwenye baiskeli, huzifunika kwa turubai la kijani, kisha hushika njia ya Kilakala. Akifika kwenye geti la kiwanda alichofanyia kazi, kilichofungwa soko huria lilipoingia, hushuka, huvua kofia na kuikokota baiskeli mpaka ukuta uishe. Ndiyo ilikuwa sheria ya wafanyakazi, na miguu yake haijakubali kupita pale ikiwa juu ya pedeli. Jana mvua ilimkuta hapohapo.

"Panda, mzee wangu, utalowa!" alipaza sauti Mwamvita, muuza maandazi. "Kiwanda kimeshakufa, unamshukia nani?"

Mzee akasimama, akainua pembe ya turubai. Kabichi kavu, bila hata tone la maji.

"Hili tulilifuma humo ndani, mwanangu."

Akaendelea kukokota, kichwa wazi, taratibu.