Sentensi ya Naipanoi

Mwalimu Nthambi alikuwa amefundisha Kiswahili mjini Kitengela miaka kumi na moja kabla ya kuanza zile video. Msamiati wa ubaoni wanafunzi wake hawakuushika, lakini simu hawakuiachia hata wakila. Basi akawafuata huko huko. Kila Jumatatu neno moja, mwanafunzi mmoja, sentensi moja ya nusu dakika, kisha anaiweka TikTok. Waliokuwa wakisinzia darasani wakaanza kugombania zamu.

Zamu ya Naipanoi ilipofika, neno lilikuwa hohehahe, yaani fukara asiye na kitu. Naipanoi alikuwa kidato cha pili, mpole, Kiswahili amekikuta shuleni. Alisimama wima akasema, "Tangu baba alipouza shamba lote akanywa pombe, sisi nyumbani ni hohehahe."

Nthambi alijua papo hapo kwamba hilo halikuwa jambo la kutolewa nje. Lakini sentensi ilikuwa sahihi, na msichana huyu hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo.

"Niweke?" akamwuliza.

Naipanoi akaitikia kwa kichwa. Mtoto wa miaka kumi na sita angemkatalia vipi mwalimu wake?

Kufikia Jumatano watu elfu tisini walikuwa wameitazama. Mtu akaikata, akaitia vicheko. Nthambi aliifuta, lakini nakala zikaendelea kuzunguka.

Ijumaa alikuja Isaac, babake Naipanoi, amevaa koti la kanisani. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Lakini niko na simu, na majirani wako na simu. Sokoni wananiita Hohehahe."

"Nisamehe, mzee. Kosa ni langu, si la mtoto."

"Mtoto alisema ukweli. Lakini pombe niliacha mwaka jana. Hiyo hakuna mtu aliuliza."

Akamchukua binti yake na mkoba wake, wakaenda.

Nthambi alifika kwao mara tatu, asifunguliwe. Baada ya miezi miwili akasikia kwamba Naipanoi yuko Kiserian, anaosha vyombo kwenye hoteli ya shangazi yake. Akaenda. Msichana alimsalimu bila kuacha kusugua sufuria.

"Rudi shule. Nitaongea na baba yako."

"Haongei na mtu, mwalimu. Amerudia pombe, na sasa anapiga mama. Anasema nilimvua nguo mbele ya watu." Akasuuza sahani moja, akaiweka kando. "Mimi nilifikiri unataka sentensi ya kweli."

Shangazi akaita kutoka jikoni, na Naipanoi akabeba beseni akaingia ndani.

Muhula wa tatu, mwalimu mkuu aliagiza jina la Naipanoi liondolewe kwenye rejista. Nthambi alilipiga mstari kwa mkono wake. Wanafunzi humwuliza video zitarudi lini. Huwapa kisogo, akaandika ubaoni, akawaambia wanakili.