Mwenyeji Aonje Kwanza

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kubebeshwa sufuria safarini, Bibi mzaa mama alinifundisha mwiko mmoja ambao hadi leo natembea nao. Mgeni akipika chakula alichonunua kwenye soko la watu, alisema, asikitie mdomoni kabla mwenyeji wa mahali pale hajakionja. Akitangulia yeye, nchi ile itamkataa, na jambo alilolifuata halitafanikiwa. Halafu aliongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa atakayekuonjea chungu chako ugenini ndiye ndugu yako. Bibi alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, na rozari yake haikugombana hata siku moja na miiko yake. Mimi niliamini vyote viwili kwa nguvu ileile.

Tulikaa Kizwite, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, kwenye baridi yetu ya kushinda na sweta. Mama mdogo Skola, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa ametoroshwa na kijana wa Kisukuma aitwaye Masanja, wa familia ya wafugaji waliohamia bondeni kule Muze. Mshenga hakuja, mahari haikuzungumzwa. Binti akichukuliwa namna hiyo, mzazi hali kwenye nyumba ile, maana ukila umekubali. Bibi akaapa kwamba hata maji ya pale hatayanywa. Kisha habari zikapanda mlima: Skola amejifungua. Tangu hapo Bibi akawa mtu wa kusahau ufunguo na kuunguza maharage. Alitaka kumwona mjukuu wake, na mlango wa kuingilia alikuwa ameufunga mwenyewe.

Bibi hakuwa mtu wa kushindwa na mlango. Tuliteremka na lori la mahindi, joto likitupanda miguuni kila kona, na nilivua sweta kabla hatujafika chini. Mpango wake ulikuwa mwepesi: tungekaa sokoni, tungepika chakula chetu wenyewe, na mtu angetumwa akamwite Skola aje na mtoto palepale. Hatungekanyaga kwa watu.

Soko la Muze lilinitia wazimu kidogo. Kulikuwa na perege wabichi kutoka ziwani, mchele wenye harufu nzuri, bamia na maembe yaliyomwagwa chini kama viazi kwetu. Bibi alifunua mashavu ya samaki mmoja baada ya mwingine hadi kijana muuzaji akamuuliza kama anachagua mboga au anachagua mkwe.

"Mkwe nimeshachaguliwa," Bibi akajibu. "Nipe hao wanene."

Huyohuyo kijana ndiye aliyekubali kwenda kumwita Skola akimaliza kuuza. Tukasogea nyuma ya vibanda, tukapanga mawe matatu, tukawasha moto. Samaki walichemkia kwenye nyanya na bamia, wali ukakauka vizuri, na njaa yangu ikafika mahali pa kutaka kulia. Bibi akapakua kidogo kwenye mfuniko, akamsogezea mama muuza nyanya aliyekuwa karibu.

"Mwanangu, hebu nionjee."

"Onja wewe kwanza, mama."

"Mimi siwezi."

"Huwezi chakula chako mwenyewe?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hata kwetu, anayekukaribisha pombe hutangulia kuinywa, ili ujue hakuna kitu ndani. Bibi alilijua hilo tangu utotoni, lakini kwake hiyo ilikuwa sheria ya nyumbani, na ugenini kulikuwa na sheria yake. Watu wa sokoni walichoona ni bibi kizee asiyejulikana, amepika chakula kinachonukia, anakataa kukionja, na anahangaika kumtafuta wa kumlisha. Muuza nyanya akahamisha tenga lake. Mwanamume mmoja akasema mwenyekiti aitwe. Mwingine akatamka kwa sauti neno ambalo mwanamke mzee hapaswi kutamkiwa mbele za watu. Duara likawa linatuzunguka, na mimi nikamshika Bibi kitenge.

"Bibi, onja tu," nikamnong'oneza.

"Nikionja, Skola haji," akasema. Hakuugusa ule mfuniko. Leo, nikiwa nimeshasikia yaliyowapata wanawake wazee kwa tuhuma kama ile, ndipo najua jinsi tulivyokuwa karibu na shari. Siku ile nilichojua ni njaa na aibu.

Watu wakapisha. Akaingia mwanamke mrefu mwenye kibuyu cha maziwa mgando, akamwamkia Bibi kwa kupiga magoti, akakaa chini. Akauvuta mfuniko, akala. Hakuonja: alikula tonge baada ya tonge, kimya, watu wote wakimtazama koo. Alipomaliza akalamba kidole.

"Samaki wameiva," akasema. "Chumvi haijafika."

Bibi akashusha pumzi.

"Mama, mimi ndiye mama yake Masanja. Skola yuko kwangu, na mtoto hajambo. Tumekukosea, na sasa nimekula kwako kabla hata sijatuma mshenga. Utakataaje kula kwangu?"

Bibi akaufunika mfuniko juu ya sufuria. Kisha akauliza, "Mtoto anaitwa nani?"

"Hatujampa jina. Tulikuwa tunakusubiri."

Tulibeba sufuria ikiwa bado ya moto, tukaenda. Bibi alikula kwa watu, akanywa na maji yao, na mtoto akapewa jina lake.

Miaka mingi baadaye Mama mdogo Skola alinisimulia upande ambao sikuuona. Muuza samaki ndiye aliyepeleka habari: yuko sokoni mama mwenye sura ya Skola, amepika na hataki kula alichopika. Mama mkwe wake aliyaelewa maneno yale kama kila mtu alivyoyaelewa. Kabla ya kutoka alimwambia Skola, "Mama yako akiwa na hasira ya kuniua, ana haki nayo. Ngoja niende." Akachukua kibuyu chake akaja kula akijua huenda chakula kina sumu. Bibi alinifundisha kuomba ndugu ugenini. Yule mama alinionyesha gharama ya kukubali kuwa ndugu, na sidhani kama ningekuwa na moyo wake.

Mwaka huu nilikwenda Unguja, nikapanga chumba chenye jiko, nikajinunulia samaki aina ya changu, nazi na muhogo sokoni Darajani. Nilipomaliza kupika nilimwita mama mwenye nyumba anionjee. Akauliza kwetu wapi.

"Sumbawanga."

Kijiko kikasimama hewani. Sifa zetu za uchawi zimevuka bahari kabla yangu, nami sikumsaidia kwa neno. Akanitazama, akacheka, akala.

"Chumvi haijafika," akasema.

Nikampa kopo la chumvi, atie mwenyewe.