Nyoka Aliyekuja Baada ya Mazishi ya Mama

Naikumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, nilipofunga kasha la mbao kwenye keria ya baiskeli, ndani yake nyoka, nikatoka nalo Mwala hadi Kalama. Usicheke. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Akili niliyokuwa nayo ilitosha kuendesha baiskeli, si zaidi.

Mama yangu alikuwa amefariki mwezi wa tano. Majuma yake ya mwisho alikataa chakula. Nilikaa kando ya kitanda na kikombe cha uji wa wimbi na kijiko chake kidogo, nikambembeleza, na siku nyingine, Mungu anisamehe, nikamgombeza. Alifumba midomo tu, akanitazama kwa upole.

Wiki moja baada ya mazishi tulimkuta nyoka amejikunja chini ya kitanda chake. Alikuwa mwembamba, wa rangi ya kahawia, wale wasio na sumu. Susu, yaani nyanya yangu mzaa mama, ambaye hakukosa kanisani hata Jumapili ya mvua, alichukua kisahani akamwaga maziwa kizingitini. Kwetu wazee walishika kwamba nyoka akiingia nyumbani kwa amani hapigwi, kwa kuwa huenda ni mtu wenu amekuja kuwajulia hali. Unampa maziwa, unamwacha aende akitaka. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nikamwambia Susu kwamba mimi siamini mambo hayo. Kisha mimi huyo huyo, nisiyeamini, nikamfunika nyoka kwa leso ya mama, nikamtia kwenye kasha na kulifunika kwa kioo cha dirisha ili asiende popote. Mila ilisema mpe na umwache, nami nikashika nusu niliyoitaka.

Basi nyoka akagoma kula. Nilimpa maziwa, nikampa yai, nikampa nyama ya mbuzi. Nilimtilia panya mzima, naye panya akatembea juu ya mgongo wake kama yuko barabarani. Wiki sita zikapita. Kasha lilikaa mezani sebuleni, majirani wakija kuchungulia, nami nikimshika kila siku nione kama amepungua. Baridi ya mwezi wa saba ikaingia, macho yake yakageuka meupe, nikajua anakufa. Nikaona mama anakufa mara ya pili, tena mikononi mwangu. Mfa maji haachi kutapatapa. Nilimfungua mdomo kwa mpini wa kijiko nikammiminia maziwa, yakarudi na mapovu puani.

Susu alikuwa mlangoni. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama nimeona kijiko nilichoshika ni cha nani.

Nilikitazama. Kilikuwa kile cha uji.

Ndipo akaniambia habari za Mzee Muli wa Kalama, aliyekamata nyoka ujanani hadi sumu yao ikamla kidole kimoja. Kuuliza si ujinga, akasema, ujinga ni hiki unachofanya.

Mzee Muli nilimkuta akipepeta mbaazi. Alijifuta mikono, akaondoa kioo, akamgusa nyoka kwa kile kiganja cha vidole vinne.

"Hii iko baridi kama jiwe," alisema. "Nyoka haina moto yake ndani. Bila joto, hata ikimeza panya itaoza kwa tumbo. Na hiyo macho si ugonjwa, inataka kutoa ngozi. Sasa umeiweka kwa baridi, mbele ya watu, bila mahali ya kujificha, halafu unataka ikule?"

Nilimweleza kuhusu maziwa. Akasema maziwa ni ya heshima, si chakula cha nyoka. Nilipofika kwenye kijiko aliurudisha kioo juu ya kasha. Akanitazama suruali, niliyokuwa nimeikaza kiunoni kwa kamba ya katani, akaniuliza nani amekufa. Mwanangu, sikuwa nimemwambia lolote la msiba. Nikasema yote, nikalia mbele ya mbaazi zake kama mtoto.

"Mwana wakwa," alisema, akiniita mtoto wake, "mama yako hakukataa mkono yako. Mwili yake ilikuwa imemaliza safari. Hii nyoka bado. Usichanganye hao wawili."

Kisha akanipa kazi. Nilihamishe kasha hadi ukuta wa jikoni unaopata joto la moto, nifunike kioo kwa gunia, niweke kigae cha chungu cha kujifichia na maji kwenye bakuli. Nisimguse. Akishajivua gamba nimwachie panya aliyekufa mtegoni, jioni, niondoke. Nikauliza, mpaka lini? Akasema mpaka atakapotaka mwenyewe.

Hilo la kutomgusa lilinishinda mara mbili, sitakuficha. Lakini siku ya kumi na moja nilikuta gamba zima limelala kando ya kigae, na baada ya siku nne nyingine panya niliyemwacha jioni hakuwapo asubuhi. Susu alipiga kigelegele, halafu akakumbuka yeye ni mtu wa kanisa, akatuongoza kwa sala ya shukrani.

Mvua za mwezi wa kumi zilipoanza nilimfungulia kando ya ghala la mahindi. Alitulia kidogo, akapita chini ya mbao akaenda zake. Uliniuma moyo, lakini nilimwacha. Jioni ile Susu alipika isyo, mahindi na maharagwe yake, nikala sahani mbili na kuomba ya tatu. Alinitazama nikila, machozi yakamtoka.

"Miezi hii yote," alisema, "aliyekuwa hakuli ni wewe."

Mwanangu, wote wawili wamelala udongoni sasa, Susu na Mzee Muli, na sijamaliza kuwashukuru. Susu angeweza kunipokonya kijiko, na mzee angeweza kunicheka. Waliningoja, kama nilivyofundishwa kumngoja yule nyoka. Nawe ukimwona mtu au mnyama amekataa mkono wako, usiuongeze nguvu. Tazama kwanza kama ana baridi, kama amechoka kutazamwa, kama kuna jambo linabadilika ndani yake. Mpe joto na maficho, umwachie chakula karibu. Na yule ambaye safari yake imekwisha, mshike mkono, usimgombeze. Usijilaumu kwa kikombe alichokataa.

Mungu akupe mikono yenye joto na moyo wa kungoja. Na siku utakayoshindwa kula kwa majonzi, akupe mtu wa kukupikia isyo, akae hapo mpaka utakapotaka mwenyewe.