Benchi la Baba Mkwe

Watu wa Kyela mjini wanaisifia ile barabara ya maduka ya vitabu na vyuo. Mimi naichukia, na sioni haya kusema. Ni kipande kifupi cha matope: vibanda vya kutoa kopi, madaftari yaliyopauka dirishani, vyuo vitatu vyenye mabango makubwa kuliko madarasa, na kakao iliyoanikwa kwenye maturubai hadi milangoni mwa maduka. Harufu yake ni wino na kakao iliyochacha.

Nilianza chuo cha ualimu wa chekechea nikiwa na watoto wawili na mume wa kijiji cha Ipyana. Baba mkwe hakutaka. Hakuniambia, maana hatukuwahi kusemeshana. Kwa mila ya huku mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Nikisikia kikohozi chake njiani naingia migombani, nageuza uso, nasubiri apite. Wengi siku hizi wameziacha hizo habari, lakini ukoo nilioolewa haujaacha kitu, na mimi niliingia nikijua. Kwa hiyo sikulalamika.

Muhula wa mwisho baba mkwe akaanza kwenda mjini kila asubuhi. Mzee ambaye miaka yote alisema mjini kuna kelele tu, alipanda bodaboda, akaketi kwenye benchi la duka la vitabu linalotazamana na geti la chuo changu. Kitabu hakununua. Alikaa tu na fimbo yake mpaka saa nne, kisha akarudi nyumbani kunywa chai.

Barabara ile inaishia pale pale chuoni, kwa hiyo getini hufiki bila kupita mbele ya lile benchi. Nikawa nazunguka nyuma, kwenye majaruba ya mpunga, viatu mkononi, napenya kwenye tundu la ua nyuma ya jiko. Wenzangu darasani walinicheka kwa matope ya magotini. Kisha chuo kikaliziba lile tundu kwa senyenge, nikawa nakosa vipindi vya asubuhi, na mkuu wa chuo, mtu wa kuja, akaniita.

"Kesho usipokuwa getini saa moja na nusu, jina lako nalitoa kwenye orodha ya mtihani."

Nikamweleza habari ya mzee.

"Lakini amekaa tu kwenye benchi," akasema. "Si umpite?"

Nilimtazama kama mtu aliyeniambia nivue nguo sokoni.

Jioni nikamwomba mume wangu aseme na baba yake. Akajibu kwamba baba ni baba, akaendelea kula. Mama mkwe, ambaye kila alfajiri alimpikia mzee uji ili awahi benchi lake, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, baba yako hajakukataza kusoma. Amekaa tu." Nilitamani kuipiga teke ile sufuria ya uji. Upole wa namna hiyo ndio unaonitia wazimu mpaka leo.

Asubuhi nilivaa sare, nikajitanda kitenge kichwani kwa mazoea, nikaingia barabarani kutokea stendi. Alikuwa palepale: kofia, koti, fimbo katikati ya magoti. Nikashusha kitenge mabegani, nikatembea katikati ya barabara. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza kakao akapiga kelele, "We mama! Mkweo huyo!"

"Namwona," nikasema.

Mwiko ule ni wa wote wawili, lakini kwa miaka sita aliyekimbia ni mimi peke yangu, hata nikasahau kwamba na yeye unamfunga. Aliponitambua alisimama ghafla, fimbo ikaanguka. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na pa kuingilia ila dukani. Akajitupa ndani, akayaangusha madaftari ya mlangoni, akajibana nyuma ya rafu ya vitabu vya sekondari.

Nikasimama mlangoni.

"Ugonile, tata," nikasema. Yaani umelalaje, baba; ni salamu ya kila asubuhi kwetu, na sikuwahi kumpa hata mara moja. Niliona pindo la koti lake likitetemeka, nikamsikia akihema kwa nguvu. Mwenye duka alijifanya anaokota madaftari.

Sitasema nilimhurumia. Nilifurahi, na nikavuka barabara nikiwa bado nafurahi. Jina langu likabaki kwenye orodha, mtihani nikaufanya, nikafaulu. Yeye hajarudi tena kwenye benchi. Ukoo unataka niende kuomba radhi mbele ya wazee; sijaenda na siendi. Miaka sita nimeishi uani kwake nikimwogopa mtu yule, kumbe na yeye alikuwa ananiogopa. Ningejua, ningeanza kusoma mapema.